Kaburi la Nne

Asubuhi ile ya Agosti 1953, Joséphine-Marie, mkunga wa zahanati karibu na Kashebere, alifika kijitoni akakuta maiti haipo.

Wageni wa Bisie, walioshuka kutoka angani miaka sita nyuma wakakaa msituni, hawana kinywa. Hula kwa nyayo, wakisimama matopeni. Tena hawazai wakiwa hai. Anayekufa husimamishwa kijitoni, maji yakimfika kiunoni. Ngozi hukauka kama gome, na siku ya kumi na moja kifua hupasuka, wakatoka watoto wawili. Hadi siku hiyo wenzake humzunguka na kumpa mgongo, maana kwao kutazama kiumbe kinachoumbwa ni ufidhuli. Joséphine-Marie aliyaona hayo mara mbili, akayaandika, kabla ya kuazimwa Masisi kwa miezi minne. Huyu alikufa wiki aliyorudi. Leo ilikuwa siku ya tisa.

Ng'ambo ya kijito, wageni saba walizunguka kaburi bichi lenye msalaba. Vidole vyao ni laini kama uyoga, havichimbi. Hilaire, katekista, alikuwa akiosha jembe.

"Papa Hilaire, nani alizika huyu?"

"Ni mimi, Mama. Jana mangaribi. Ndugu zake wanamupa mugongo, wanamuacha mu maji sawa imbwa! Na yeye iko kiumbe ya Mungu. Huyu njo wa ine nilizika tangu Pasaka."

"Ulimuuliza nani?"

"Maiti haiulizwe, Mama."

"Na mukunga?"

Alimpokonya jembe.

"Mama! Utavunja kaburi ya mukristu?"

"Ulimubatiza wapi? Saidia kuchimba ao toka apo."

Hilaire hakuchimba wala hakutoka. Alianza Salamu Maria. Joséphine-Marie alichimba peke yake, akitupa udongo miguuni pa Hilaire. Dhiraa moja chini, jembe liligusa gome. Akashuka, akaweka kifuani pembe ya mti ya kusikilizia mimba. Mapigo mawili, hafifu, yakipishana. Akahesabu dakika nzima, kisha akamvuta Hilaire shimoni kwa ukosi wa shati.

"Sikiliza."

Salamu Maria ilikatikia katikati.

Walimbeba hadi kijitoni, wakamsimamisha. Wageni wakafuata, wakafunga duara, wakageuza migongo.

"Unisamehe, Mama. Sikujua."

"Miaka sita unapita hapa kila siku. Hukujua juu hukuuliza. Wale batatu uliwazika wapi?"

Hilaire alionyesha mteremko wa nyuma ya kanisa. Misalaba mitatu ilikuwa imeota kuvu.

Joséphine-Marie akamrudishia jembe. "Twende. Utachimba."

"Juu ya nini, Mama? Wamekwisha kufa."

"Ulizika batoto sita wazima. Utawaona kwa macho yako."

Alichimba hadi jua la utosi. Joséphine-Marie alisimama ukingoni, akimtazama. Hakumpa mgongo.