Neno Lililobaki Nachingwea

Mzee Ildefonsi wa Nandagala hakuwa mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa, hata awe padre. Jumapili moja ya msimu wa ufuta, misa ilipokwisha, alimfuata padre mlangoni akamwambia, "Baba, Mungu alikusikia tangu robo saa ya kwanza. Ufuta wetu uko juani, unapukutika." Watu waliziba midomo wasicheke. Yeye alipanda baiskeli yake akaenda shamba.

Mjukuu wake Koleta alimfahamu kuliko wote, maana mzee ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Alipofeli kidato cha nne, majirani walikuja kumfariji: bahati mbaya, mwanetu, mitihani ya siku hizi migumu. Babu alingoja waondoke.

"Si bahati mbaya," alisema. "Hukusoma. Kesho alfajiri shika jembe, jioni shika daftari."

Msimu mzima walipalilia pamoja chini ya mikorosho mia mbili aliyoipanda mzee kwa mikono yake. Siku ya kurudia mtihani alimpakia kwenye baiskeli mpaka Ruangwa mjini, akamshusha getini. "Safari hii umesoma," akamwambia, akageuza baiskeli.

Koleta akawa muuguzi, akapangiwa kazi Nachingwea. Huko ndiko babu alikoletwa mwezi wa pili mwaka huu, tumbo limevimba, macho yamekuwa ya manjano. Daktari alimwita Koleta pembeni akamwonyesha majibu. Ini lilikuwa limekwisha.

"Labda wiki tatu," daktari alisema. "Mwambie wewe. Wewe ni mtu wake."

Koleta alikuwa amekwisha kuwapa wagonjwa wengi habari za namna hiyo. Alijua aketi wapi, aanze na lipi. Alipoingia wodini alimkuta babu amekaa wima kitandani, shuka ametandika mwenyewe.

"Niambie," babu alisema. "Nitapona?"

"Mbona unauliza hivyo, babu?"

"Kwa sababu kama siponi, kitanda hiki wampe mwingine. Nipitishe Malolo kwa Evarist. Nina neno naye. Halafu nipeleke kwangu."

Evarist alikuwa mwanawe wa mwisho. Miaka minne nyuma, siku wakwe walipokuja kumposa binti wa Evarist, mzee alimwita mwanawe mlevi mbele ya wageni wote. Ilikuwa kweli, na tangu siku ile Evarist hakuonja tena pombe. Lakini hakukanyaga tena Nandagala.

Koleta aliitazama ile mikono iliyokonda juu ya shuka.

"Utapona, babu," alisema. "Dawa zinataka muda tu."

Mzee alimtazama usoni. Angesema hivyo mtu mwingine, angemtilia shaka. Huyu alikuwa amemlea mwenyewe.

"Haya," akasema, akajilaza. "Basi Evarist atangoja. Neno lile silisemi nikiwa nimelala kama mzigo."

Kila asubuhi Koleta alijiambia, leo nitamweleza ukweli. Na kila asubuhi babu alimuuliza kama mvua imenyesha Nandagala, naye akajibu habari za mvua, akatoka. Siku ya tisa mzee alianza kuweweseka. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, alikata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwa mjukuu wake.

Walimzika Nandagala. Majirani wote walichimba kaburi, Wakristo kwa Waislamu, na Shehe Yasini wa nyumba ya pili, rafiki wa mzee tangu ujana, hakukubali kupokewa sururu mpaka mikono ilipomtoka malengelenge. Watu walipoondoka makaburini, Koleta alimfuata bibi yake Rozalia jikoni, akapiga magoti.

"Bibi, aliniuliza kama atapona. Nikamdanganya."

Bibi aliweka mwiko chini.

"Ungemwambia, mwanangu," alisema. "Angekuja kufia hapa, aone shamba lake." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilimchoma zaidi. "Alitaka kumwona nani mwingine?"

"Baba mdogo Evarist."

"Yuko makaburini bado. Nenda kamwambie."

Evarist alikuwa amesimama peke yake kando ya udongo mbichi, kofia mkononi. Koleta alimweleza yote, hakuruka kitu: Malolo, lile neno, na jinsi yeye alivyosema utapona ilhali alijua hatapona.

"Neno gani?" Evarist aliuliza taratibu.

Evarist alimsogelea Koleta.

"Alitaka kuniomba radhi?" Macho yake yalikuwa yanamsihi. Ndiyo moja tu ingetosha. Ingemtua mzigo wa miaka minne, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Koleta aliisikia imefika kwenye ncha ya ulimi.

"Sijui, baba mdogo," alisema. "Hakuniambia."

Evarist aliinamisha kichwa. Akaketi chini pale pale, suruali yake nzuri kwenye udongo.

"Mimi nilikuwa na langu," akasema. "Nilitaka nimwambie alisema kweli. Basi. Kila Jumapili nilikuwa nasema wiki ijayo nitakwenda."

Mabega yakaanza kumtikisika. Koleta aliketi karibu naye, na wakalia wote wawili, kila mmoja na lake, mpaka bibi alipotuma mtu aje kuwaita wakale.