Uji wa Mama Mkwe

Daktari alikuwa ameacha kuimba.

Mama Povu alifunga bomba la maji, akatega sikio. Ng'ambo ya ukuta, kwenye chumba cha kamera, daktari huyo alikuwa na tabia ya kuimba puani kila alipomwingizia mgonjwa mpira kooni. Akikuta tumbo salama, aliendelea na wimbo wake hadi autoe mpira. Akinyamaza, kuna jambo.

"Sista, nipe koleo."

Maana yake ameona kitu, anataka kunyofoa kipande kidogo kiende maabara. Mama Povu akafungua maji tena, kwa nguvu, yamzibe masikio.

Kazi yake ilikuwa kuosha mipira hiyo, myeusi na mirefu, yenye jicho la kioo nchani. Aliisugua kwa sabuni, akapitisha brashi nyembamba ndani ya tundu mpaka itokee upande wa pili ikiwa safi, akailaza kwenye beseni la dawa, kisha akaitundika kabatini ikauke. Povu lilimfika viwikoni, ndipo wauguzi wakamtungia jina, naye akalipenda. "Mjini hapa," alizoea kuwatania, "hakuna tumbo lisilonijua."

Siku hizi mzaha ulikuwa umemkauka. Tangu mvua zianze, nyama ilikuwa ikimkwama kifuani. Baadaye mkate. Baadaye hata wali. Tonge lilishuka kidogo, likasimama nyuma ya mfupa wa kifua, likagoma, kisha likarudi lilikotoka. Wenzake wakienda kula, yeye alijifungia stoo na kikombe cha chai. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na wote wangemkokota hadi kitanda kile kile cha nyuma ya ukuta?

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake. Walikuwa wajane wawili chini ya paa moja. Mmoja alizika mwana, mwingine mume, na kaburi lilikuwa moja. Bibi hakuwa na jino hata moja kinywani, ila ulimi ulikuwa mzima. Waligombana juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya mlango ulioachwa wazi.

Jioni hiyo alimkuta bibi jikoni, sufuria mapajani.

"Nani anakula uji wangu?"

"Uji gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Nalala sufuria imejaa, naamka iko nusu. Tangu lini panya akatumia kijiko?"

"Nitakupikia mwingine."

Bibi alimtazama shingo, akamtazama mabega, akalitazama gauni lililomning'inia kama limeanikwa. Akamega mkate, akamnyooshea.

"Kula."

"Nimeshiba."

"Kula nikuone."

Mama Povu alitafuna mpaka mkate ukawa maji, akameza. Ukashuka. Ukasimama. Macho yakamtoka, mate yakamjaa mdomoni, akakimbilia karo. Alipoinuka, mkono wa bibi ulikuwa mgongoni pake. Mkono huo haukuwahi kumgusa tangu siku ya msiba.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na unashinda humo humo wanamopima watu!"

"Ndiyo maana, mama. Najua wanachokiona."

Bibi alivuta kiti, akaketi kwa kishindo. "Nimezika mume. Nimezika mwanangu. Wewe sikuziki, unanisikia? Sina nguvu hizo. Kesho tunakwenda wote."

Kesho yake bibi aliketi kwenye benchi la nje, fimbo katikati ya magoti, na Mama Povu akalala kwa ubavu wa kushoto pale kitandani alipokuwa ameona wengi wakilala. Sista alimpulizia kooni dawa ya ganzi, chungu ajabu. Sindano ya usingizi aliikataa.

"Nataka kusikia," alisema.

"Basi jikaze kisabuni, Mama Povu," sista alijaribu kutania.

Daktari, ambaye miaka yote salamu yake ilikuwa kutikisa kichwa tu, leo alimwita dada. Hilo lilimtisha kuliko mpira wenyewe.

Ukaingia. Kichefuchefu kikampanda, machozi yakamtiririka hadi sikioni. Kisha wimbo ukaanza, naye akaung'ang'ania kwa roho yake yote. Uliendelea, ukapanda kidogo, ukakatika katikati.



"Sista," daktari alisema taratibu. "Nipe koleo."

Majibu yalichelewa. Siku zote hizo aliendelea kwenda kazini, kwani kukaa bure kulimtisha zaidi. Mwishowe daktari akawakalisha wote wawili ofisini kwake.

"Sitakuficha, dada. Ni saratani ya umio, njia ya chakula."

Bibi ndiye aliyeuliza.

"Imetapakaa?"

"Picha tulizompiga zinaonyesha ini na mapafu hayana kitu. Tutaanza na dawa za dripu kuupunguza uvimbe. Ukisinyaa, tunapasua. Tunaondoa kipande kibovu, tunalivuta tumbo juu, tunaliunga."

"Atapona?"

"Tumeuwahi kiasi cha kujaribu, bibi. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa naongopa."

Dripu zilimpukutisha nywele, zikamtia weusi kuchani. Sasa bibi ndiye aliyesimama jikoni, akimkorogea uji mwepesi na kumsimamia mpaka auishe. Uvimbe ukasinyaa, siku ya upasuaji ikapangwa. Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguliwa, miguu yake ilitaka kushuka kitandani ikimbie yenyewe.

"Mama, nikifa..."

"Usinipe kazi," bibi alimkatiza. "Nina kazi zangu."

Lakini kidole cha Mama Povu hakukiachia, mpaka wauguzi walipowaachanisha.

Alizinduka akiwa na mirija puani, ubavuni, tumboni. Siku kadhaa hakuruhusiwa hata tone mdomoni. Kisha asubuhi moja sista akaja na glasi ya maji na kijiko.

"Leo tunaangalia kama mshono umeshika. Kijiko kimoja tu. Ukisikia maumivu kifuani, inua mkono."

"Na ukivuja?"

Sista alikitazama kijiko. "Tuanze kwanza."

Maji yakaingia mdomoni. Bibi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, midomo wazi, na koo lake kavu lilikuwa likipanda na kushuka kana kwamba anameza yeye. Mama Povu alifumba macho. Maji yalikuwa baridi juu ya ulimi, kisha si baridi tena, na bado alikuwa ameyashika mdomoni, hajathubutu kumeza.