Adabu za Wening na Kazi Isiyohifadhiwa

"Dik, kazi yako umeshaihifadhi kwenye Git?" Mas Prasojo aliuliza asubuhi.

"Ndiyo, Mas," Wening akajibu, kwa adabu tupu. Hapo Yogyakarta, anayeitwa Dik, mdogo, atamwambiaje Mas, kaka mkubwa wa kazini, kwamba bado? Ukweli ni kwamba hakuwa amehifadhi hata mstari kwenye ghala hilo la kutunzia matoleo ya programu. Kurasa zote za programu ya foleni ya zahanati, jasho la majuma mawili, zilikuwa zinaning'inia tu ndani ya kompyuta yake, na daktari mkuu anakuja kuziona adhuhuri hiyo hiyo.

Mas Prasojo akakalia kiti cha Wening mbele ya kompyuta hiyo, akaunganisha tawi lake mwenyewe, yaani toleo lake la programu, na la Wening. Programu ikagoma kuwaka.

"Aa, hili dogo. Tunatengua. Reset hard, kila kisichohifadhiwa kinafutika, tumemaliza."

Wening akarukia birika. "Mas, chai kwanza?"

"Baadaye."

"Tempe ya kukaanga je? Bado ya moto." Akainua sahani ya vipande hivyo vya soya.

"Dik, mbona leo unanibembeleza kama mgonjwa?" Huku vidole vinaandika amri.

Jamani, adabu nyingine zinaua! Wening akaibwaga sahani ya tempe juu ya vidole vya mkubwa wake, mafuta na yote.

"We! Umerogwa?"

"Nisamehe, Mas. Nilikudanganya. Sijahifadhi kitu." Machozi yakamtoka.

Mas Prasojo akafuta vidole polepole, uso umemshuka.

"Afadhali umesema," akanong'ona. "Mimi mwenyewe, tangu niajiriwe, kutengua najua amri hiyo moja tu. Naona haya kuuliza."

Wening akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko, kamasi na machozi pamoja. Wakanakili folda nzima pembeni, maana tahadhari kabla ya hatari. Wakasoma maelezo hadi wakaikuta nyingine, reset merge, inayoondoa muunganiko na kuziacha salama kazi ambazo hazijahifadhiwa. Wakabonyeza. Kurasa zikabaki zote, na Wening akazihifadhi papo hapo.

Adhuhuri Bu Sulastri, yule mama daktari mkuu, akazitazama, akapenda. "Mmeshazijaribu na wagonjwa wengi kwa mpigo?"

Wawili wale wakatazamana.

"Bado, Bu," wakasema pamoja.

Bu Sulastri akavuta kiti, akachukua kipande cha tempe kilichosalia. "Alhamdulillahi. Mafundi wote waliowatangulia waliniambia ndiyo, wakanidanganya. Haya, tujaribu."