Kupunguza Mzigo

Valérie alijifunza kuendesha boti kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa imeketi mbele yake Jumamosi ile, kwenye kiti chekundu chenye mgongo mrefu, ikiwapungia mkono watu wa Aston, mtaa wa Birmingham, waliosimama kando ya mfereji. Papa Ciza, mzee wa kanisa! Waumini walimwita mnyenyekevu. Mnyenyekevu wa wapi, mtu aliyejiagizia kiti chake mwenyewe cha kukalia ibadani?

Kanisa lilikuwa linahamia jengo jipya Hockley, na Valérie ndiye aliyewashawishi wasafirishe vyombo kwa maji, kama zamani, kwa boti ya mbao ya kikundi cha Baldev, fundi mstaafu aliyependa historia kuliko chakula. Papa Ciza alikubali upesi. Kujionyesha ndio ugonjwa wake.

Valérie alishika usukani. Baldev alisimama katikati ya mizigo akieleza, Valérie akitafsiri, jinsi wafanyabiashara wa karne ya kumi na nane walivyotaabika kusafirisha mali kwa mto Severn wa huko Uingereza. Kiangazi maji yakipungua, boti zilikwama mchangani. Mvua ikizidi, mafuriko yalizipasua. Zikinusurika na maji, bado walikuwepo mabaharia waliotoboa mapipa ya divai, wakanywa, kisha wakajazia maji. Watu wakacheka sana.

Valérie hakucheka. Mto alioujua yeye ni Lualaba. Alikuwa mtoto siku boti ya Ciza ilipokwama kwenye fungu la mchanga. Ciza akasema mzigo lazima upunguzwe, akatazama huku na huku, akayaruka magunia yake mwenyewe ya mchele, akanyanyua cherehani ya mama yake Valérie, mjane asiye na wa kumtetea, akaitupa. Mama hakushona tena. Alifia katika kambi ya wakimbizi, mikono imelala mapajani haina kazi. Na Ciza, walipokutana Birmingham, alisema hakumbuki. Donge hilo Valérie alilala nalo na kuamka nalo.

Basi walipofika kwenye kona yenye tope, aligeuza usukani makusudi. Boti ikakwama.

Watoto wakapiga kelele. Baldev akafungua mdomo. Valérie akamnyamazisha kwa jicho.

"Papa Ciza," akaita, kila mtu asikie, "tumekwama. Weye ulikuwaka na boti kule kwetu. Tutupe nini?"

Alitaka kitu kimoja tu: watu wote wamwone alivyo. Lakini kama angejibu, "Tupeni kiti changu," basi kisasi chote kingekwisha pale pale, na Valérie angebaki na mdomo wazi.

Papa Ciza hakufikiri hata kidogo. Akatazama huku na huku, akaziruka spika zake mpya, kidole kikatua kwenye ngoma ya Francine, msichana aliyefika mjini majuzi, hana baba wala mjomba.

"Ile ngoma ya ule mutoto. Iko nzito. Mutupe."

Francine akaikumbatia ngoma yake. "Papa? Yangu? Juu ya nini?"

"Vile vile!" Valérie akasema. "Vile vile ulitupa mashini ya mama yangu. Muchele yako ilibakia. Na leo tena unachagua ya mwenye hana mutu."

"Mama Valérie, ilikuwa lazima. Boti ingezama kweli, vraiment."

"Lazima?" Akaokota upondo, mti mrefu wa kusukumia, uliolala miguuni pake. "Simameni wote upande wa kushoto."

Wakahama wote, hata Papa Ciza. Valérie akauchomeka upondo kwenye tope, akaegemea kwa nguvu zake zote. Boti ikatikisika, ikajinasua, ikaelea.

"Hata siku ile muti kama huu ulikuwa mu boti," akasema. "Mi ndiye niliukalia."

Papa Ciza alitafuta jicho la kumtetea. Kila mmoja alikuwa anatazama maji.

Boti sasa ilikwenda vizuri, haina shida yoyote. Hapakuwa na sababu ya kutupa kitu. Valérie akamkabidhi Baldev usukani, akakinyanyua kile kiti chekundu kwa mikono miwili, akakitupa.