Karibu ya Mlangoni

Dada mtu alimimina chai mezani. Hakuwa amekosea sana. Kikombe kilikuwa palepale, upana wa kidole kutoka mahali alipomimina, na chai ikateleza juu ya kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda, ikafika ukingoni, ikamdondokea mdogo wake kiatuni.

"Gusisha kwanza," mdogo mtu akasema, akiondoa mguu bila haraka.

"Nilisahau."

Akaliinua tena birika, safari hii akaugusisha mdomo wake na ukingo wa kikombe mpaka likalia ting, ndipo akamimina. Hivyo ndivyo alivyomimina chai tangu karakana ilipokula jicho lake la kushoto. Kazini walimwita Chongo, naye aliitika bila kinyongo, maana aliyepaswa kuona haya kwa jina hilo hakuwa yeye.

Ilikuwa karakana ya vitasa na bawaba. Chongo alikaa kwenye jiwe, yaani lile gurudumu la kusagia linalozunguka likitema cheche, akilainisha kingo za bawaba. Siku moja punje ya chuma iliruka, ikamwingia jichoni. Miwani ya kazi ilikuwepo. Hili lisisahaulike, kwa sababu baadaye kuna walioapa kwamba haikuwepo. Ilikuwepo, tena mipya, ndani ya kabati la kioo ofisini kwa meneja, ng'ambo ya uwanja, imepangwa safu kwa safu ikimetameta, na kabati limefungwa kwa kitasa alichokisaga Chongo mwenyewe. Ilikuwa miwani ya kumwonyesha mkaguzi.

"Wakiivaa itachakaa," meneja alikuwa akisema. "Halafu mkaguzi aone nini?"

Alipokwenda kumjulia hali hospitalini, alimpa pole, akamwambia kwamba Mungu si mjinga. Kumpa binadamu macho mawili ni kumwekea moja la akiba, kama tairi la gari. Daktari alimweleza tofauti. Alisema macho mawili huchukua picha mbili zinazopishana kidogo, akili ikazilinganisha, na katika kule kupishana mtu akajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. "Wewe sasa una picha moja," akasema. "Utazoea."

Dunia ikawa kama kalenda ya ukutani: kilima, nyumba na uso wa mtu vyote vimebandikwa kwenye karatasi moja. Chongo aliinua mguu kupanda kidato cha ngazi ambacho kumbe ni kivuli, akajikwaa kwenye kidato chenyewe. Alichomeka ufunguo pembeni ya tundu. Alipotaka kujua kipi kimetangulia, alitikisa kichwa huku na huku kama kuku. Vya karibu vikasogea, vya mbali vikatulia. Akituliza kichwa, kila kitu kilirudi kwenye karatasi.

Siku aliyorudi kazini, meneja alimnyoshea mkono. Chongo akanyosha wake, ukapita pembeni, ukashika hewa. Meneja alidhani ni kiburi. Akamwondoa kwenye jiwe, akamweka kupanga bawaba kwenye makasha. "Kwa usalama wako," akasema.

Sasa mdogo mtu alikuwa akifuta kiatu chake kwa muda mrefu kuliko chai yenyewe ilivyohitaji.

"Dada, nimepata kazi."

"Wapi?"

"Kwenu."

"Kazi gani?"

"Kwenye jiwe."

"Jiwe lipi?"

"Kwani yako mangapi?"

Dada mtu akaweka kikombe chini. Kilifika mezani kabla hajategemea, kikagonga. "Hutakwenda."

"Nisipokwenda tutakula nini? Haya?" Mdogo mtu akagonga kidole kwenye nanasi la kitambaa.

Wakaondoka pamoja.

Karakana ilikuwa na madirisha makubwa yasiyo na vioo upande wa uwanja. Katikati ya uwanja ulichorwa mstari wa njano, na mfanyakazi hakuruhusiwa kuuvuka. Ng'ambo ya mstari ndiko ilikokuwa ofisi, na juu ya mlango wake paliandikwa kwa herufi kubwa: KARIBU. Hiyo ilikuwa ya wateja.

Wakati wa mapumziko ya chai jiwe halikusimama, maana mnyapara alitaka mgeni aonje kazi kwanza. Chongo alikaa kwenye kasha akimtazama mdogo wake uso mtupu mbele ya cheche, kichwa chake kimetulia tuli, na bila kuondoa jicho akapeleka mkono kuchukua kikombe chake. Mkono ukarudi na kikombe cha meneja. Kilikuwa cha kaure, kina mstari wa dhahabu ukingoni, na chai yake ilikuwa bado inafuka.

Fundi Bawaba, mzee wa benchi la pili asiyeacha kitu kipite bila neno, akakitazama.

"Ina sukari?"

Chongo akaonja. "Nyingi."

"Ndiyo maana anatunenepea. Lete huku."

Jambo lenyewe halikuwa gumu. Kwenye karatasi ya Chongo, dirisha la ofisi lilikuwa kiraka kidogo juu ya bega la mdogo wake, na ndani ya kiraka kulikuwa na kikombe kama kifungo cha shati. Kilikuwa kidogo, hakikuwa mbali. Mbali lilikuwa neno la watu wa macho mawili. Alikibana kwa vidole kama anavyobana mtu punje ya mchele kwenye sahani, na kilipofika mkononi kikawa kikombe cha kawaida.

Akakirudisha. Kisha akatuliza kichwa tena, akatafuta kabati.

Miwani ilionekana midogo kama mbawa za nzi. Kioo cha kabati kilikuwa mbele ya miwani kwa wanaojua mbele na nyuma. Kwake kilikuwa kando tu. Akatoa miwani moja. Kitasa kilibaki kimefungwa, kwa sababu kilikuwa kitasa kizuri.

"Vaa," akamwambia mdogo wake.

"Imetoka wapi?"

"Pale."

Mdogo mtu akavaa, akarudisha bawaba kwenye jiwe. Fundi Bawaba alikohoa kikohozi cha mtu aliyesahauliwa, kwa hiyo Chongo akamtolea na yeye, kisha benchi la tatu, kisha wengine wote, na kazi ikaendelea.

Mnyapara ndiye aliyekwenda kusema. Meneja akaja mpaka kwenye mstari wa njano, akasimama upande wake.

"Nani amevuka mstari?"

"Hakuna," akajibu Chongo. "Miguu yangu iko hapa, bosi. Haijatoka."

"Na mkono?"

"Mstari umechorwa chini. Mkono haupiti chini."

"Nani amekukaribisha ofisini kwangu?"

"Pameandikwa karibu mlangoni."

"Ile ni karibu ya kukaribisha."

"Mimi niliisoma kuwa si mbali."

Fundi Bawaba aliinamia bawaba yake kwa bidii kubwa. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Meneja akarudi ofisini. Jioni alimweka mlinzi getini, kila anayetoka akavuliwa miwani, na miwani ikarudi kabatini ikafutwa kwa kitambaa laini. Asubuhi Chongo akaitoa. Jioni ikarudishwa. Lilipoendelea hivyo, meneja akapakia kabati kwenye gari, akalipeleka nyumbani kwake juu ya kilima, nyumba iliyoonekana kwa dirisha la karakana kama sabuni iliyosahauliwa juani. Asubuhi iliyofuata Chongo alitafuta kidogo kabla ya kutoa miwani ya kwanza.

"Wamebadilisha kabati," akamwambia mdogo wake. "Wameleta dogo zaidi."

Mke wa meneja alikuwa sebuleni akipiga pasi. Alisogeza kichwa ili mkono upate nafasi ya kupita.

Kisha ikatangazwa kwamba mkaguzi anakuja. Kabati likarudishwa ofisini. Mnyapara akapita benchi kwa benchi na ndoo, akikusanya miwani.

"Ni mpaka mgeni aondoke tu," akasema. "Msinitazame hivyo, na mimi nina watoto."

"Basi jiwe lisimame mpaka aondoke," akasema Chongo.

"Jiwe likisimama atadhani hatufanyi kazi."

"Na jicho likitoka atadhani nini?"

"Chongo, nakuomba. Usiniletee makuu leo."

Alipofika kwa mdogo mtu, binti yule aliishika miwani yake kwa mikono miwili. Mnyapara akaivuta, naye akaivuta, wakavutana kwa adabu, kwa sababu mnyapara alikuwa rika la baba yao. Mwishowe ikaingia ndooni. Jiwe likawashwa. Mdogo mtu alifumba jicho la kushoto, akasaga na la kulia. Hakuambiwa na mtu. Alikuwa ameamua mwenyewe lipi atalitoa.

Chongo aliliona lile jicho lililofumbwa. Akaacha makasha yake, akasimama dirishani, akatuliza kichwa.

Ofisini, mkaguzi alikuwa ameinama mbele ya kabati, kidole kikipita kioo safu kwa safu, midomo ikihesabu. Meneja alisimama nyuma yake akiwa ameshika chai.

"Moja imepungua," akasema mkaguzi.

"Mafua ya macho," akasema meneja. "Hesabu tena."

"Sasa nyingine."

Mkono wa Chongo uliingia na kutoka kati ya kidole cha mkaguzi na mahali kidole kilipokuwa kikielekea. Mkaguzi aliupisha. Alikuwa mtu wa mjini, mwenye malezi. Safu ya juu ikaisha, kisha ya kati, kisha ya chini, mpaka ndani ya kabati vikabaki vishikizo vitupu na karatasi ya bei.

Mdogo mtu alipofungua jicho la kushoto alikuta kuna kioo mbele yake. Akainamia bawaba. Haikuchukua muda, kikasikika kitu kama kucha inayogonga glasi, na kwenye miwani yake, upande wa kushoto, pakawa na kovu dogo jeupe. Akavua, akaifuta kwa pindo la gauni, kovu halikufutika, akavaa tena.

"Dada," akaita, bila kusimamisha jiwe.

"Nimesikia."

Mkaguzi akatoka uwanjani. Aliitazama karakana, na karakana ikamtazama, kila mtu na miwani yake, mnyapara akiwa ameshika ndoo tupu.

"Kuna kasoro," akasema. "Kanuni inataka kabati lenye miwani. Kabati lenu ni tupu."

Fundi Bawaba akainua mkono kama yuko darasani. "Mheshimiwa, miwani si hii hapa, tumeivaa?"

Mkaguzi akamtazama kwa upole. "Mzee wangu, mimi nakagua kabati."

Akaondoka zake. Kabla ya wiki kuisha meneja alinunua miwani mingine, mipya, mizuri kuliko ya kwanza, akaipanga safu kwa safu, akafunga. Kitasa alichagua kikubwa zaidi, na kilisagwa palepale, na mdogo mtu, kwa ustadi. Mkaguzi akarudi, akahesabu, akaridhika. Mpaka leo kabati linafungwa kila jioni na miwani yote ndani, ya zamani na mipya, na hakuna siku meneja aliyolifungua asubuhi akasema chukueni. Chongo huitoa. Watu hupanga foleni mbele yake kabla jiwe halijawashwa, wakisalimiana na kuulizana habari za nyumbani, naye humgawia kila mmoja inayomkaa vizuri. Ya mdogo wake, yenye kovu, huitoa kwanza.

Meneja akazoea. Hata akaanza kuona faida. Siku moja alivuka uwanja, akaja mpaka ncha za viatu vyake zikagusa mstari wa njano. Chongo alikuwa amekaa upande wa pili, karibu kiasi cha kusikia manukato yake.

"Tuyamalize," akasema meneja. "Wewe ni mtu wa maana sana, nilikuwa sijakuelewa. Nitakuhamishia ghalani. Utakuwa unatushushia mizigo stesheni bila lori kwenda. Kiti utapewa, feni utapewa. Ila ile miwani ya kabatini uniachie. Ile ni ya ofisi."

"Na hawa?"

"Hawa watazoea. Wewe si umezoea?"

Akamnyoshea mkono.

Nyuma ya Chongo jiwe lilikuwa likizunguka, na mabenchi yote yalikuwa yametega masikio kama watu wanaosikiliza redio ya jirani. Chongo aliutazama mkono ule. Akatikisa kichwa huku na huku kama kuku, taratibu, ili asije akakosea. Kilima nyuma ya meneja kilitulia. Ofisi ilitulia. Mkono ulicheza huku na huku kama nguo kwenye kamba. Ulikuwa pale, hata hatua moja haikuwapo kati yao, angeweza kuhesabu nywele za vidole.

Akaitia mikono yake mifukoni.

"Siufikii, bosi," akasema. "Uko mbali mno."

Akageuka kwenda kufunga kasha lake, akamwacha meneja kwenye mstari, mkono umenyoshwa.