Maneno Aliyoyashika Bertha

Nyuma ya kanisa, pale Picha ya Ndege, Kibaha, kuna ukumbi wa parokia ambao Jumamosi jioni hauna kwaya wala kikao cha harusi. Siku hiyo ni ya watu wanaojifunza kusimama. Ndivyo alivyopenda kusema mwalimu Aneth, mwanzilishi wa kilabu: "Kiingereza mtakisoma popote. Hapa tunajifunza kusimama nacho mbele ya watu." Ukiitwa unakwenda mbele, unazungumza mpaka kengele ilie, unapigiwa makofi, unakaa. Mtu akiwa anazungumza, hakuna kuitikia, hakuna kigelegele, hakuna kunyanyuka kitini. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza, na mgeni yeyote aliambiwa mlangoni.

Laurentia alijiunga baada ya kupatwa na jambo. Alikuwa fundi cherehani, mama wa Lucian na mjane wa marehemu Sospeter, na shule yake iliishia darasa la saba. Watu wa jumuiya yake walimchagua mwenyekiti kwa sababu ya sala zake na utulivu wake. Basi wakaja wageni wa ng'ambo kuitembelea parokia, mmoja wao akamwuliza neno kwa Kiingereza, naye hakujibu ila kwa kicheko, kama mtoto aliyeulizwa hesabu ngumu. Usiku ule alijiapia kwamba hatacheka tena namna ile.

Kilabuni walikuwa watu wa maofisini na walimu, wengi wao wakienda Dar na kurudi kila siku. Alikuwapo pia Castory, karani, kijana mwenye ulimi mwepesi.

"Mama Lucian," alimwambia siku moja, Laurentia alipokaa jasho likimtoka, "kitambaa umekata vizuri sana. Ila kushona bado."

Ukumbi ulicheka. Laurentia naye alicheka. Njiani kurudi nyumbani akaona ameapa bure.

Hata hivyo hakuacha. Alifanya mazoezi huku miguu ikikanyaga cherehani, akarudia sentensi mpaka wateja wakadhani anasali. Na ilipotangazwa siku ya wageni, ambapo kila mmoja angezungumza juu ya mtu aliyewahi kumsimamia, hakuhitaji kufikiri. Mtu huyo alikuwa Bertha, mama mkwe wake, mkulima wa Marui kule Kisarawe.

Sospeter alipofariki, ndugu zake walikutana siku ya arobaini, wakaanza kuzungumza juu ya kiwanja cha Picha ya Ndege kama vile mjane hayupo. Mmoja akasema wazi, "Huyu mwanamke ni wa kuja. Tunamjua kwani?" Hapo Bertha, ambaye katika vikao vya wanaume hukaa jikoni, alitoka na mwiko mkononi akasimama katikati ya mkeka. "Mimi namjua," alisema. "Huyu ni mwanangu. Mwenye shida na mwanangu aje kwangu." Akarudi jikoni. Kikao kikaisha, na kiwanja kikabaki kwa Laurentia hadi leo.

Habari hiyo ndiyo aliyoigeuza Kiingereza, kidogo kidogo, akisaidiwa na Aneth. Lakini hakumwalika Bertha. Alijiambia safari ni ndefu kwa mama wa umri ule. Alijiambia hivyo.

Siku ya wageni ukumbi ulijaa. Alikuwapo mama mmoja aliyetoka kilabu cha Dar kuja kuwapima wazungumzaji, miwani puani na kalamu mkononi. Zamu ya Laurentia ilipofika alisimama, akashusha pumzi, akaanza. Sauti haikutetemeka. Hata Castory aliacha kuchezea simu.

Wakati huohuo Bertha alikuwa amefika Picha ya Ndege na kapu la mihogo, kama afanyavyo msimu ukifika, akakuta mlango umefungwa. Jirani akamwelekeza ukumbini. Aliingia kwa mlango wa nyuma, ambako hapakuwa na mtu wa kumweleza sheria, kapu kichwani, ndala zina tope jekundu la Marui. Kiingereza hakukielewa hata neno. Lakini katikati ya maneno yale alisikia jina lake, "Bertha", kisha tena, "Bertha".

Na kwao, mtu akikutaja kwa heri mbele ya watu, hukai. Unanyanyuka, unakwenda kumtunza kwa ulichonacho.

Bertha aliweka kapu chini, akapiga kigelegele kilichogonga bati la ukumbi, akafungua khanga ya mabegani na kwenda mbele akicheza kwa miguu mizito ya uzee. Akaitandaza khanga ile mabegani mwa Laurentia. Ilinuka moshi wa kuni.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mtu mmoja aliinua simu kupiga picha. Laurentia alimwona Castory ameziba mdomo, mabega yanaruka. Yule mama wa Dar alivua miwani akamwuliza, kwa Kiingereza, kama anamfahamu bibi huyu.

"Ai donti noo ha," alisema Laurentia.

Simjui. Hakujikwaa hata kidogo. Katika Kiingereza chote alichokisema maishani, hicho ndicho kilichotoka kimenyooka kuliko chote.

Castory alinyanyuka, akamshika bibi mkono kwa adabu, akamrudisha nyuma. Laurentia aliivua khanga, akaiweka mezani, akaendelea. Alimaliza hotuba yake juu ya Bertha kwa watu ambao hawakujua kwamba Bertha ndiye yule bibi. Walipiga makofi mengi.

Nje, walipoachana na watu, Bertha alikuwa anang'aa.

"Mwanangu, ulinitaja!"

"Nilikutaja, mama."

"Na yule mwenye miwani alipokuuliza, ulimjibu nini? Maana walinyamaza wote."

Laurentia aliinamisha kichwa. Ilikuwa nafasi yake, nayo ilikuwa pana kama barabara ya Morogoro.

"Nilimwambia… wewe ni mama yangu."

"Ee Yesu," alisema Bertha, akaweka mkono kifuani. Kisha, polepole, akitafuna kila sauti: "Ai… donti… noo ha. Ndivyo?"

Laurentia alikuwa amesahau. Bertha alikuwa msichana wa kwaya wakati misa ingali inaimbwa Kilatini. Aliimba Gloria na Kredo tangu mwanzo hadi mwisho bila kujua maana ya neno hata moja, na hadi uzee huu hakuna aliloliacha lianguke. Sikio lake likishika, limeshika.

"Ndivyo, mama."

Jumapili iliyofuata mstari wao uliponyanyuka kwenda komunyo, Laurentia alisogeza magoti wenzake wapite, akabaki kwenye benchi. Na Jumapili ya pili vilevile. Mwenyekiti wa jumuiya. Watu waliona. Kila alipokwenda kwenye kitubio alifika mlangoni na kurudi, kwa maana alijua padri atamwambia nini: nenda ukamwambie mwenyewe.

Badala ya yeye kwenda, simu ikaja. Alikuwa Ponsiano, katekista wa kigango cha Marui.

"Mama Lucian, Tumsifu Yesu Kristo! Huku umetuwashia moto. Mama yako hatupi usingizi. Kila akiteka maji anawasimulia wenzake jinsi ulivyomtaja Kibaha. Sasa akina mama wanataka kilabu chao. Wanasema wamechoka kunyamaza mikutanoni. Njoo ukifungue, na huyo mwalimu wako mje naye."

Laurentia alisema ana nguo nyingi za watu. Ponsiano akasema watamsubiri. Akasema barabara mbaya. Ponsiano akasema imechongwa. Alipomweleza Aneth, akitumaini atakataa, Aneth alipiga makofi. "Kilabu kizaliwe Kisarawe bila mimi? Haiwezekani. Castory ana gari, atatupeleka."

Wiki nzima Laurentia aliomba mvua. Mtu wa sala za kila siku, akaomba mvua ikate barabara, na aibu ya kuomba hivyo ikawa juu ya aibu nyingine. Kisha akajipa moyo kwamba hawatamtambua Bertha. Machoni pa watu wa ofisini, mabibi wenye khanga wote si wanafanana?

Mvua haikunyesha. Walifika Marui baada ya ibada, akina mama wameketi kwenye mabenchi ya kigango, na mbele yao meza yenye kitambaa cheupe na kengele ya altare, ile ndogo ya mkono, ambayo Ponsiano ameiazima kwa kazi hiyo. Bertha alikuwa benchi la mbele, amevaa gauni la Pasaka.

"Shikamoo, mama," alisema Aneth.

"Marahaba, mwalimu. Karibuni kwetu. Huyu mkwe wangu alikuwa akiwaficha."

Aneth alimtazama bibi, akamtazama Laurentia. "Mkwe wako?" aliuliza taratibu. Castory aliacha kufuta vumbi kwenye viatu.

Hawakupata muda wa zaidi. Ponsiano alitikisa kengele, akasema kilabu kimefunguliwa, na wa kwanza kusimama ni aliyekileta.

Bertha alisimama. Hakuwa na karatasi wala hofu. Alisimulia kwa Kiswahili cha kwao, chenye kuvuta mwisho wa maneno, jinsi alivyokwenda na kapu, jinsi alivyosikia jina lake, jinsi alivyomtunza mwanawe mbele ya wasomi. Akina mama walicheka palipostahili, wakaguna palipostahili.

"Akaulizwa, huyu ni nani? Wenzangu, mimi nimezaa, nimezika. Sijawahi kuitwa mbele za watu. Siku ile niliitwa. Na maneno aliyonijibia nimeyashika, nayasema kila asubuhi kabla ya Malaika wa Bwana." Alijinyoosha, mikono mbavuni, kama msichana wa kwaya. "Ai donti noo ha!"

Vigelegele vilipasuka. Huku sheria ya kwanza ilikuwa bado haijafika.

Castory alifungua mdomo kucheka, kicheko kikakwama. Alitazama dirishani. Aneth alikuwa ameinamia mikono yake.

"Maana yake, mwalimu?" aliuliza mama mmoja. "Tutafsirie nasi tuyashike!"

"Ndiyo, mwalimu," alisema Ponsiano, "tuanze na somo hilohilo."

Aneth aliinua uso. Laurentia aliona wazi kwamba mwalimu anatafuta uongo mzuri wa kumwokoa, na kwamba akishaupata, kigango kizima kitaufundishwa, na wanawake hawa wataimbiana sentensi ile visimani wakidhani ni upendo.

Alisimama.

"Aliyesema ni mimi. Nitafsiri mimi." Aligeukia benchi la mbele, kwa sababu wengine wote hawakuhusika. "Mama, maana yake ni: simjui."

Mtoto alilia, akanyonyeshwa.

"Sema tena," alisema Bertha.

"Simjui. Niliulizwa kama nakujua, nikasema sikujui. Niliona aibu. Kapu, ndala, kigelegele. Walikuwa wanacheka. Halafu nje uliponiuliza, nikakudanganya."

Ponsiano, kwa huruma au kwa kuogopa, alinyoosha mkono kwenye kengele. Bertha alikuwa bado amesimama. Alimtazama mkwewe, uso umefungwa kama mlango wa ghala. Kisha akakaa.

"Iache hiyo kengele," alisema. "Hajamaliza. Si alikuwa na hotuba juu yangu? Mimi ndiye niliyekuwa mgeni, na sikuielewa. Aiseme."

Hapo Laurentia alisema yote kwa Kiswahili: arobaini, mkeka, mwiko, yule ndugu aliyeuliza tunamjua kwani, na aliyesema mimi namjua. Alipofika kwenye neno hilo alikwama, akalianza upya, na hakuna aliyempigia makofi kumsaidia. Alilimalizia hivyohivyo, akakaa. Bertha hakunyanyuka na khanga. Aliitazama sakafu muda wote.

Kilabu kiliendelea. Mama mmoja alisimama kueleza habari za kisima kilichobomoka, mwingine akapinga, Castory akaandika saa na zamu, akifanya alichoambiwa bila mzaha. Kabla ya kuondoka alimsogelea Laurentia. "Mama Lucian, siku ile mimi nilicheka sana," alisema, akashindwa kuendelea, akaenda kuwasha gari.

Laurentia aliwaambia watangulie. Yeye atalala Marui.

Bertha alikuwa anafunga mihogo aliyoletewa, akaiweka kapuni, akakunja kata ya kitambaa.

"Nibebe mimi, mama."

"Acha."

Alilipandisha kapu mwenyewe. Kisha akasema, bila kugeuka: "Na *namjua* wanasemaje?"

"Wanasema, ai noo ha."

"Fupi."

"Fupi, mama."

Bertha alilitafuna neno kimyakimya, midomo ikicheza, mara moja, mara ya pili. "Nimeshika," alisema. "Siku nikitaka kulisema nitalisema. Leo sitaki."

Akashika njia ya nyumbani. Laurentia alimfuata nyuma, mikono mitupu, akiona visigino vya ndala zile na tope lake jekundu, hana hata cha kubeba cha kumfichia uso. Kila waliyepishana naye alimsalimia Bertha, naye alimjibu, lakini aliye nyuma yake hakumtambulisha kwa mtu.

Walipofika penye korongo, ambapo daraja ni mti mmoja na unateleza, Bertha alivuka. Alitembea hatua chache upande wa pili. Halafu alisimama, kapu kichwani, mgongo kwa Laurentia, akangoja.