Kizazi Kipya Kinakuja Mwakani

Mume wangu Mwandawiro ana mke mmoja na gari moja, na kuna siku nimemuuliza ni yupi kati yetu anayepanguswa uso kila asubuhi. Anacheka tu, anachukua kitambaa chake na kutoka nje.

Gari lenyewe ni la haibridi, yaani lina injini ya petroli na betri pamoja, teksi ya pale stesheni ya reli, Voi. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika, kama karibu magari yetu yote, na lilipofika lilikuwa la kwanza la aina yake pale. Abiria walikuwa wanaingia, wanafunga mlango, wanangoja. "Kaka, washa gari basi." Naye anawajibu, "Limewaka zamani," kisha anaondoka kwa betri bila mlio wowote, na wao wanashikilia viti. Miaka hiyo alikuwa mfalme. Mafuta ambayo mwenzake aliyamaliza kwa siku moja, yeye alikwenda nayo mpaka kesho yake jioni. Na akiteremka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, zile kona zote, kila akikanyaga breki betri inajijaza. Alifika chini amefurahi kana kwamba mlima umempa zawadi.

Halafu wenzake wakaamka. Siku hizi haibridi zimejaa stesheni, nyingine kubwa, zenye viti vya ngozi. Mwaka jana kampuni moja ikaleta magari ya stima tupu, meupe, madereva wamevaa sare. Mmoja wao ni kijana anayeitwa Austin, na kazi yake ya pili ni kumchokoza mume wangu. "Mzee, hiyo yako bado inakunywa petroli? Yangu inalala kwa soketi, ikiamka imeshiba." Mwandawiro humwambia angoje siku stima itakapopotea Voi nzima. Wanacheka wote wawili. Lakini jioni anarudi nyumbani abiria wamekuwa wachache, na mimi ninayemjua nayaona mabega yake.

Ndipo akaanza kungoja. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mwakani kiwanda huko Japani kitatoa kizazi kipya cha gari lake. Sisi wa Voi hatununui gari likiwa jipya, hilo hata yeye analijua. Hesabu yake ilikuwa nyingine. Kipya kikitoka, Wajapani watauza walicho nacho sasa, kitajaa bandarini Mombasa, bei italegea, na yeye atakuwa mtu wa kwanza stesheni kukipata. Jioni tukila alinisomea uvumi wote wa kile kipya, kana kwamba ndicho atakachokinunua: betri itakuwa nyepesi, injini ndogo, mafuta ni ya kunusa tu. Alipata picha ya gari likijaribiwa barabarani, limebandikwa makaratasi ya madoadoa ili watu wasilijue sura, akaikuza kwa vidole na kunionyesha taa.

"Unaona jicho hilo?"

"Naona madoadoa."

"Elsie, kizazi hiki ni kitu kingine kabisa. Austin atanitafuta."

Siku nyingine alikuja amenuna, ameambiwa kwamba kiwanda kitaiacha haibridi kabisa kiende kwenye stima kama wengine, kwa sababu ushindani umekuwa mkali dunia nzima. Hakumaliza chakula. Kesho yake akasoma kwamba si kweli, akala sahani mbili.

Mimi neno hilo, kizazi, silipendi. Mwanamke aliyewahi kulala kwenye kitanda cha kliniki na kuambiwa shida iko kwenye kizazi hawezi kulisikia hivi hivi. Mimba mbili zilinitoka, na hatukumwambia mtu, hata mama yake. Mwandawiro hakunilaumu hata siku moja, wala hakukubali nijilaumu mbele yake, na kwa hilo namshukuru Mungu kila ninapoamka. Kwa hiyo alipokuwa anatamka kizazi, kizazi, mdomo umejaa ugali na macho yanang'aa, nilinyamaza. Nilifurahi kumwona ana kitu anachokitarajia.

Jumapili moja mwezi wa sita akampigia simu mama yake. Mama mkwe wangu, Mkamburi, anakaa Werugha, huko juu kwenye baridi. Wao huzungumza Kidawida, lugha ya Wataita, lakini kwa mambo ya gari Mwandawiro hutumia Kiswahili, na mtandao wa milimani unakula maneno. Mimi nilikuwa kando nachambua mchicha, nikausikia upande wake wote: kwamba biashara ni ngumu, washindani wamekuwa wengi, lakini mapema mwakani kizazi kipya kinakuja, tunakingoja kwa hamu, hata Elsie amefurahi.

"Ila, Mama, usimwambie mtu. Watu wana macho."

Alikuwa anaogopa habari zisimfikie Austin na wenzake. Laini ilikwaruza, nikadhani imekatika. Kisha nikaisikia sauti ya mama mkwe, nyembamba, inatetemeka: "Mungu ni mwema. Mungu ni mwema sana."

Mwandawiro akaweka simu mezani. "Unaona? Hata Mama anaelewa mambo ya magari."

Mama hakuwa ameelewa mambo ya magari. Mtandao ulikuwa umewameza washindani wote na kumwachia kizazi kipya, Elsie, furaha na siri. Alichosikia yeye ni kwamba mkwe wake ana mimba. Na kwa kuwa aliambiwa anyamaze, na kwa kuwa mimba changa haisemwisemwi, hakuuliza swali hata moja.

Sisi hatukujua. Tulichokiona ni vitu tu. Sharon, anayeteremsha kabichi kutoka milimani kuleta sokoni Voi, akaja saluni kwangu na mfuko. "Umetumiwa na mama mkwe." Ndani mlikuwa na unga wa wimbi, uliosagwa laini kabisa. Wiki iliyofuata maparachichi. Halafu kuku mzima, hai, amefungwa miguu, akawapigia kelele wateja wangu asubuhi yote.

Halafu simu. Kabla ya hapo mimi na mama mkwe tulikuwa watu wa kuheshimiana. Nikienda kwake nampa salamu, ananipa maji ya kunawa, tunaulizana mvua, basi. Sasa akawa ananipigia mimi, si mwanawe. Umekula nini leo? Umelala vizuri? Unasimama sana hapo saluni, tafuta kiti.

"Mama, msusi anasukaje amekaa?"

"Mteja akae chini kabisa kwenye mkeka, wewe ukae kwenye kiti. Kwani sisi tulisukwaje?"

Nikafanya hivyo, na mgongo wangu ukamshukuru. Mama yangu mzazi alishafariki, na tumaini langu la kuulizwa umekula nini lilikwenda naye kaburini, na sikudhani nitaulizwa tena. Nikaanza kuingoja simu ya jioni. Isipolia, napiga mimi. Nilimwambia Mwandawiro, "Mama yako ananipenda," akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yana unyevu. Kwa mwanamume ni jambo dogo. Mimi lilinifanya niimbe nikifagia.

Mwezi wa nane mama mkwe akatuita twende Jumamosi. Mwandawiro akaling'arisha gari, tukapanda Werugha. Tulipofika, sebule ilikuwa imejaa akina mama wa kanisani, wamefunga vitambaa vya kichwa, na sufuria zinanukia mpaka barabarani. Nikauliza kuna nini. Mmoja akasema, "Tumeitwa kwa sala ya shukrani, tunangoja kuambiwa ni ya nini." Mwandawiro hakuingia hata ndani. Wazee wa jirani walikuwa wameshalizunguka gari, naye akafungua boneti, akaanza mahubiri yake.

Mama mkwe akanishika mkono. "Njoo jikoni kwanza."

Akafunga mlango. Akatoa kitu kwenye kikapu, akakikunjua mbele yangu kwa mikono miwili. Ilikuwa sweta, ndogo, ya manjano, mikono yake haikutosha hata kiganja changu.

"Nimefuma ya manjano kwa sababu sijui ni wa kike au wa kiume," akasema. "Nimenyamaza kama mlivyotaka. Hata hawa sijawaambia. Nilitaka wewe mwenyewe uniruhusu." Kisha akaangalia tumbo langu, akatabasamu, akasema lile neno kwa Kiswahili, kama alivyolisikia: "Kizazi kipya."

Yote yakaja pamoja. Unga, kuku, kiti, umekula nini leo. Hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Vyote vilikuwa vya mtoto ambaye hayupo, mimi nilikuwa mlango tu wa kupitishia. Na nikajua kwamba nikifungua mdomo, huyu mama niliyempata juzi ataondoka, nitabaki na yule wa salamu na maji ya kunawa. Niliishika ile sweta. Nilitamani kukaa na mimba ile kidogo tu, hata mpaka chakula kiishe. Niseme ukweli, niliitamani sana.

Lakini nje kulikuwa na wanawake waliokuja kumshukuru Mungu, na mimi siwezi kumwacha mtu mzima ashukuru kwa uongo.

"Mama," nikasema, "kizazi ni gari."

"Gari?"

"La Japani. Linatoka mwakani. Mtandao ulikata maneno. Mimi sina mimba."

Nje wazee walicheka kitu, pengine betri.

"Nilipata mbili," nikaendelea, maana nikishaanza siwezi kuacha. "Zote zilitoka. Hatukukwambia."

"Mbili."

"Ndiyo, Mama."

"Na ni nani alikupikia?"

Sikuelewa. Akarudia polepole. "Mwanamke akitokwa na mimba hulazwa, akapikiwa, akakandwa na maji ya moto. Ni nani alikupikia, Elsie?"

"Hakuna. Nilirudi saluni Jumatatu."

Akakaa kwenye kigoda. Alilia bila sauti, akifuta uso kwa ncha ya leso, na mimi nikasimama pale na sweta mkononi, sijui niiweke wapi. Sikuona hasira usoni mwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa aibu. Baadaye akainuka, akanawa uso, akaichukua sweta na kuirudisha kikapuni. Akanishika mkono tena na kufungua mlango.

Sebuleni wote wakatugeukia. Akasimama mbele yao, hajaniachia.

"Nilisikia vibaya kwenye simu," akasema. "Mwanangu aliniambia kizazi kipya kinakuja, nikadhani ni mtoto. Kumbe ni gari."

Walicheka, wale akina mama, wakapigana mapaja, na hata mimi kicheko kikaniponyoka. Mwandawiro alikuwa ametokea mlangoni na vumbi mikononi, anacheka nao kabla ya kujua wanacheka nini. "Gari gani?" akauliza. Akaambiwa. Nikaona neno linamwingia. Kicheko kikamtoka usoni, akaniangalia, na nikajua mawazo yake yamerudi mezani kwetu, anajisikia akilitamka jioni baada ya jioni mbele yangu. Nikamtikisia kichwa kwamba si neno, kwamba tuko sawa. Na kweli tulikuwa sawa. Aliinamisha uso, akaja kusimama nyuma yangu.

Mable, mwenyekiti wao, ni mwanamke wa kutaka mambo yaende kwa utaratibu. Alingoja kicheko kiishe, akafungua kitabu cha nyimbo, akakifunga tena.

"Sasa, Mama Mwandawiro, sala yenyewe inakuwaje? Tumekuja kushukuru kwa ajili ya mtoto, na mtoto hayupo."

Mama mkwe hakupandisha sauti.

"Mtoto yupo," akasema. "Ni huyu."

Akanisogeza katikati, nikapiga magoti, wakaweka mikono yao kichwani mwangu na kuniombea kwa jina langu.